Milimita Sita za Silinda ya MotoGP

Kuanzia msimu wa 2027, pikipiki za MotoGP, daraja la juu kabisa la mbio za pikipiki duniani, zitashuka kutoka cc 1000 hadi cc 850. Msomaji wa kwetu hahitaji kufafanuliwa cc. Mwenye bodaboda anajua kama yake ni 125 au 150, na anayeagiza gari kutoka nje anajua ukubwa wa injini utakavyomgusa mfukoni kwenye ushuru. Kwa hiyo hesabu inakuja yenyewe: cc zikipungua, nguvu imepungua, na mwendo nao lazima upungue. Hesabu hiyo haitoshi. Historia ya mbio hizi inaonyesha kwamba ukipunguza cc na kuacha mengine yote kama yalivyo, mwendo haupungui. Unahama, na mara nyingi unahamia mahali penye gharama kubwa zaidi. Ninachokiona cha maana katika kanuni mpya si zile cc 150 zinazoondoka, bali milimita sita zilizopunguzwa kwenye upana wa silinda.

Cc ni nafasi ambayo pistoni inaifagia ndani ya silinda kila inapopanda au kushuka. Nafasi hiyo hupatikana kwa vipimo viwili: upana wa silinda, na urefu wa safari ya pistoni kutoka juu hadi chini. Kikombe chembamba kirefu na bakuli pana fupi vinaweza kubeba maji sawasawa, na injini mbili zinaweza kuwa na cc zilezile huku tabia zao zikitofautiana kabisa. Silinda pana ina nafasi ya valvu kubwa, hivyo injini inapumua vizuri. Safari ikiwa fupi, pistoni haichoki upesi, na injini inaweza kuzunguka kwa kasi kubwa bila kuvunjika. Nguvu hutokana na kiasi cha hewa na petroli kinachochomwa kila injini inapozunguka, na pia na idadi ya mara inazozunguka kwa dakika. Fundi aliyenyang'anywa cc anaweza kuitafuta nguvu yake kwenye hiyo idadi.

Na ameitafuta tangu zamani. Katika miaka ya 1960 viwanda vya Japani vilishindana kwenye madaraja madogo yenye cc 50, 125 na 250. Honda ilitengeneza pikipiki ya mashindano iliyoitwa RC149, yenye cc 125, sawa na bodaboda nyingi za leo. Bodaboda ina silinda moja. Ile ilikuwa na tano. Kila silinda ilikuwa na cc 25, yaani ujazo wa vijiko vitano vya chai, na injini nzima ilizunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika, ikatoa zaidi ya nguvu za farasi 30. Luigi Taveri alitwaa nayo ubingwa wa dunia wa 1966. Suzuki nayo ilikuwa na pikipiki ya cc 50 yenye gia 14, kwa sababu injini ndogo inayozunguka vile hupata nguvu katika sehemu finyu sana, na dereva hana budi kubadili gia bila kupumzika ili asitoke hapo. Hizo ni kazi za mikono ninazozistahi kwa dhati. Lakini timu ndogo isingeweza kuzifuata, na kuanzia 1969 shirikisho la kimataifa, FIM, liliamua kwamba injini ya cc 50 iwe na silinda moja na gia zisizozidi sita. Hawakugusa cc. Waligusa kile ambacho mafundi walikuwa wakikitumia kuzishinda cc.

Funzo hilo halikukumbukwa ilipofika zamu ya daraja la juu. Tangu 2002 injini za mipigo minne za hadi cc 990 zilikuwa zimeruhusiwa, zikaziondoa zile za mipigo miwili za cc 500. Zilikuwa na nguvu za kutisha. Aprili 2003, huko Suzuka, Japani, dereva Daijiro Kato aligonga ukuta wa pembeni mwa barabara na akafariki wiki mbili baadaye. Mwaka uliofuata Loris Capirossi alipimwa kwenye kiwanja cha Catalunya akikimbia karibu kilomita 347 kwa saa. Hofu ilikuwa ya haki. Jibu lililotolewa lilikuwa cc 800 kuanzia 2007, na petroli ya mbio nzima ikashushwa kutoka lita 22 hadi 21. Upana wa silinda ukaachwa huru.

Wahandisi wakafanya walichofanya babu zao wa miaka ya 1960. Walifupisha safari ya pistoni na kuzungusha injini zaidi ya mara 18,000 kwa dakika. Springi za chuma zinazofunga valvu zilipokaribia mwisho wa uwezo wake, Yamaha na Honda zilihamia springi za hewa iliyoshindiliwa. Kwa kuwa injini ya namna hii haina nguvu ya kumnasua dereva aliyeingia kona polepole, pikipiki zikaundwa ziingie kona kwa mwendo mkali, huku kompyuta ikichunga tairi la nyuma lisiteleze. Msimu wa kwanza tu, rekodi za mzunguko zilivunjwa kwenye viwanja kadhaa. Mwaka 2009, Dani Pedrosa akiwa juu ya Honda ya cc 800 alipimwa Mugello, Italia, akienda kilomita 349 kwa saa. Injini iliyopunguzwa kwa ajili ya usalama ilikuwa imeipita ile iliyoogopwa, na mwendo mwingine ulikuwa umehamia kwenye kona, ambako ndiko madereva wengi huanguka.

Ushindani nao ulidhoofika. Mwaka 2006, msimu wa mwisho wa cc 990, madereva saba tofauti walishinda mbio. Katika misimu yote mitano ya cc 800, kuanzia 2007 hadi 2011, washindi walikuwa wanane tu, na wanne kati yao walishinda mara moja moja. Mbio zilizobaki zote zilikuwa za madereva wanne: Stoner, Rossi, Lorenzo na Pedrosa. Ni kweli kwamba matairi yalichangia, na mtikisiko wa uchumi wa 2008 uliviumiza viwanda. Hata hivyo, injini iliyohitaji springi za hewa na jeshi la wataalamu wa kompyuta haikuwa ya kumpa nafuu mnyonge.

Mwaka 2012 walizipandisha tena injini, hadi cc 1000, safari hii wakiwa na busara zaidi: silinda zisizidi nne, na upana wa kila moja usizidi milimita 81. Sasa upana huo utakuwa 75. Tufanye hesabu. Cc 1000 zikigawanywa kwa silinda nne ni cc 250 kila moja. Kwa upana wa milimita 81, safari ya pistoni ni milimita 48.5. Cc 850 kwa nne ni 212.5, kwa upana wa milimita 75, safari inakuwa milimita 48.1. Ni karibu sawa kabisa! Mhandisi aliyepoteza cc 150 hakuachiwa nafasi ya kufupisha safari, kwa hiyo hawezi kuizungusha injini kwa kasi kubwa zaidi kuliko ya sasa. Pistoni nyepesi itampa kidogo, lakini si kama 2007. Mlango uliosahauliwa wakati ule sasa umefungwa.

Mtu anaweza kupinga kwamba upana umewekewa mpaka tangu 2012, na bado mwendo umepanda: mwaka 2023 Brad Binder alifikisha kilomita 366 kwa saa huko Mugello. Hoja hiyo ina uzito, na isingekuwa haki kuipita haraka. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitoka nje ya silinda. Mabawa ya mbele huzuia gurudumu la mbele lisinyanyuke, na vifaa vya kushusha pikipiki inapotoka kwenye kona humruhusu dereva kufungua mafuta yote mapema zaidi. Kanuni za 2027 zinapiga marufuku vifaa vya kushusha pikipiki na kuyabana mabawa, na petroli ya mbio kuu inashuka kutoka lita 22 hadi 20. Kwamba kubana petroli kutaamsha tena vita vya kompyuta, sina hofu kubwa, kwani tangu 2016 timu zote hutumia kompyuta na programu moja.

Wengine wanasema daraja la juu linapaswa kuwa na injini kubwa kuliko zote, hasa kwa kuwa zile mbio nyingine za dunia, za Superbike, zinabaki na cc 1000. Naielewa fahari hiyo, ila siikubali. Kwa kilomita 366 kwa saa, pikipiki inameza zaidi ya mita mia moja kila sekunde. Kutoka 349 hadi 366 mwendo umeongezeka kwa chini ya asilimia tano, lakini nishati inayopaswa kuzimwa na breki, au na changarawe breki zikishindwa, imeongezeka kwa takriban asilimia kumi. Sehemu iliyonyooka ya Mugello ina urefu wa zaidi ya kilomita moja na inaishia kwenye kona ya San Donato, na vilima vya Toscana vinavyoizunguka haviwezi kusogezwa. Ikiwa baada ya misimu michache mwendo utapanda tena hapo, kama ninavyotarajia, ningependa watunga kanuni waanze kwa kupima upana wa silinda kabla ya kuzigusa cc.