Samaki na Kijiko cha Shaba

Mtu akitaka kuvua samaki kwa ndoana, kwanza hutafuta chambo. Wengi huchimba nyungunyungu. Wengine hufinyanga kidonge cha ugali. Samaki husikia harufu, huja, hula, hunaswa. Lakini kuna chambo kingine, kisichoweza kuliwa wala kisicho na harufu. Nacho huitwa kijiko.

Kijiko hiki huweza kutengenezwa kwa shaba, madini yale yale yanayochimbwa Mutoshi. Kipande chembamba cha shaba hupindwa kidogo, hung'arishwa, kisha hutiwa ndoana nyuma. Mvuvi hukitupa mbali majini, halafu hukivuta. Kijiko huyumba huku na huku na kumetameta kama samaki mdogo aliyeumia. Samaki mkubwa awindaye kwa macho hudanganyika, akakirukia.

Samaki wa namna hii ni mbenga. Mto Lualaba ukiisha kupita karibu na Kolwezi, hushuka katika korongo la Nzilo, ukafika Bukama na maziwa ya Upemba. Huko mbenga yuko. Meno yake ni marefu na makali, na mkubwa kabisa huweza kupita kilo 40. Kwa hiyo mvuvi hufunga waya kati ya uzi na kijiko, maana uzi mtupu hukatwa mara moja. Tena ndoana huitoa kwa koleo, si kwa vidole.

Wavuvi wa bahari nao wanajua hila hii. Huko Unguja hukokota chambo cha bandia nyuma ya ngalawa, wakavua nguru na jodari.

Lakini kijiko kina wakati wake. Katika miezi ya Septemba na Oktoba, kabla ya mvua kubwa, maji ya mto ni machache na maangavu. Samaki huona vizuri. Mvua zikinyesha, udongo huingia mtoni, na kijiko hakionekani. Ndivyo ilivyo pia watu wakimwaga matope ya machimbo mtoni: si mvuvi tu anayepata hasara, hata samaki mwenyewe hushindwa kuona chakula chake.

Mbenga ana nguvu, lakini hurukia king'aacho bila kukichunguza. Wahenga walisema: Tamaa mbele, mauti nyuma.

Maswali
1. Kwa nini mvuvi hufunga waya?
2. Kwa nini kijiko hakifai katika maji ya matope?