Jicho la Mchunaji Chai

Mgeni akisimama katikati ya shamba la chai huko Sotik, Kenya, huona kijani kitupu, kuanzia miguuni hadi mlima wa pili. Mchunaji aliye kando yake huona zaidi: kijani kizito cha jani lililokomaa, na juu yake majani mawili na kichipukizi, kijani chenye umanjano. Watu husifu wepesi wa mikono yake, lakini mkono hufuata jicho.

Jicho lina mzigo mkubwa. Jua la mchana hufikisha mwanga wa laksi 100,000 hivi, ilhali mbalamwezi haifiki laksi 1. Seli zaidi ya milioni 100 hupokea mwanga huo, lakini habari zote huenda kwenye ubongo kwa nyuzi zipatazo milioni 1. Mwaka 1961, mwanasayansi Horace Barlow wa Uingereza alitoa hoja kwamba nyuroni, yaani seli za neva, hubana matumizi: hazipotezi ishara kwa yale yanayotarajiwa.

Mwaka 1981, mtafiti Simon Laughlin aliijaribu hoja hiyo kwa nzi. Alipima tofauti za mwanga na kivuli katika mandhari ya asili, kisha akapima mwitikio wa nyuroni za jicho la nzi. Vikalingana: nyuroni zilikuwa makini zaidi kwa tofauti zinazotokea mara nyingi. Ni kama mizani ya kituo cha majani chai yenye alama zilizosongamana pale ambapo uzito wa magunia mengi huangukia.

Tena, kipimo hicho cha nyuroni hubadilika. Mwaka 2000, watafiti Naama Brenner, William Bialek na Rob de Ruyter van Steveninck walionyesha kuwa nyuroni ya nzi inayofuatilia mwendo hupunguza usikivu mwendo unapobadilika kwa nguvu, na kuuongeza unapotulia.

Macho yetu pia hujirekebisha. Likodolee jani bichi kwa nusu dakika bila kupepesa macho pembeni, kisha tazama karatasi nyeupe: utaona umbo lake kwa rangi ya waridi. Jicho lilikuwa limekwisha kukizoea kijani.

Kwa mchunaji, mazoea hayo huungana na uzoefu wa miaka. Kijani cha kawaida hufifia, tofauti ndogo ikajitokeza. Huo ni ujuzi, nao unastahili heshima na malipo ya ujuzi. Naye karani anayetoka juani kukagua majani chini ya paa, aliache jicho lake litulie kwanza kabla ya kukataa gunia la mtu.