Mzazi akikuletea kiboko darasani, mwalimu kijana utafanya nini?

UMEMALIZA kozi ya elimu ya chekechea, kazi umepata, na sasa una darasa la PP1 karibu na soko la Kabati, Kitui Magharibi. Wiki ya kwanza haijaisha, mama mmoja anakuletea fimbo. "Mwalimu, huyu ni kichwa ngumu. Mchape tu, mimi nimekuruhusu."

Hana ruhusa ya kukupa. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka wa 2001. Kifungu cha 29 cha Katiba ya 2010 kinamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kumwadhibu mwanafunzi kikatili, iwe ni kwa kumuumiza mwili au akili. Ukipatikana na hatia, ni faini isiyozidi Sh100,000, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Kwa hivyo usidhani uko salama kwa sababu umeacha kiboko ukamvuta mtoto sikio, ukampigisha magoti au ukamwita mjinga mbele ya wenzake.

Lakini tuseme ukweli, sheria haimkalishi mtoto wa miaka minne chini. Watoto wanapiga kelele, wewe uko peke yako, na sauti imeanza kukauka. Ufanyeje?

Anza kwa kuuliza kama huo ni utundu kweli. Nyumbani wengi wao wanaongea Kikamba. Wewe unapaza sauti kwa Kiingereza mara tatu, naye amesimama tu anakutazama. Hajakataa, hajaelewa! Mwambie "ikala nthi" uone. Mwingine analia ovyo saa tatu asubuhi kwa sababu alitoka nyumbani bila kutia kitu mdomoni. Huyo anataka uji, na ndiyo maana kumnyima mtoto uji kama adhabu ni kujitafutia kelele zaidi.

Tena angalia saa. Somo la chekechea ni dakika 30, na hata hizo ni nyingi kwa mtoto kukaa mkao mmoja. Wasimamishe, waimbe, waruke, kisha warudi chini. Tumia wimbo uleule kila siku wakati wa kuosha mikono, na baada ya muda utaona wanapanga foleni kabla hujasema neno.

Maneno yako pia yana kazi. Ukisema "usikimbie", mtoto anasikia kukimbia. Sema "tembea polepole". Akifanya vizuri, mtajie alichofanya: "Umemsubiri mwenzako amalize, vizuri sana." Peremende achana nazo, siku zikiisha utafanya nini?

Sasa, siku ya vita. Watoto wawili wanang'ang'ania vifuniko vya soda vya kuhesabia, mmoja anamng'ata mwenzake. Mshughulikie kwanza aliyeng'atwa. Kisha chuchumaa umtazame machoni yule mwingine, umwambie kwa sauti ya chini: "Umekasirika kwa sababu ulitaka vifuniko. Kung'ata kunaumiza. Sema: naomba." Arudie neno hilo, asubiri zamu yake. Usimlazimishe kusema pole kama kasuku. Aliyemwaga maji kwa makusudi naye mpe kitambaa apanguse, bila hotuba.

Haya yote yanachosha, hasa darasa likijaa. Kuna siku utahisi kofi moja lingemaliza maneno. Lingemnyamazisha, ndiyo, lakini kesho angeng'ata tena ukiwa umegeuka, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha namna nyingine ya kudai kifuniko.

Na yule mama je? Usimwaibishe mbele ya wazazi wengine. Yeye mwenyewe pengine alisoma kwa kiboko na anadhani anakusaidia. Pokea fimbo, uiweke kando. "Asante mama. Hapa hatuchapi, sheria hairuhusu, lakini nisaidie: analala saa ngapi? Amekula? Akikasirika nyumbani mnamtulizaje?" Majibu yake yatakufaa kuliko fimbo. Akija kumchukua mchana, mwambie jambo moja zuri ambalo mtoto amefanya siku hiyo, hata kama ni kuvaa viatu vyake bila kusaidiwa.