Aoshaye Matumbo Ndiye Mkaguzi

Kegonga, makao ya Kuria Mashariki katika kaunti ya Migori, ni mji wa nchi ya ng'ombe. Mpaka wa Tanzania u karibu, na ng'ombe wenye nundu huchungwa pande zote mbili. Waislamu wa huko ni wachache, na mnyama wa Idi au wa akika mara nyingi huchinjwa uani. Mwanamume hushika kisu, akamtaja Mola wake, kisha akenda zake. Aachiwaye karai la matumbo, ini na mapafu ni mama wa nyumba. Kwetu Pwani hali ni hiyo hiyo. Machinjioni, sheria ya nyama ya Kenya, Sura ya 356, yataka mkaguzi aitazame nyama kabla haijauzwa. Uani hakuna mkaguzi ila mama huyo.

Mmoja wao aliniuliza huko: "Shekhe, ini hili lina vifuko vya maji. Ni halali?" Nilimjibu kuwa uchinjaji ulikuwa halali, ila tumeamrishwa kula kilicho halali na kizuri pia, na kizuri hakijulikani ila kwa kuujua mwili wa mnyama.

Tuanze shingoni. Kisu hukata koo la pumzi, umio la chakula na mishipa mikubwa ya damu iliyo ubavuni mwake. Damu ya ng'ombe ni kama sehemu moja ya 13 ya uzito wake. Moyo huendelea kupiga kwa muda baada ya kisu kupita, nao husukuma nje karibu nusu ya damu hiyo. Ndiyo sababu hatukimbilii kuvunja shingo wala kuchuna ngozi kabla mnyama hajatulia.

Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne. Cha kwanza ni pipa, na kwa ng'ombe mkubwa huweza kubeba lita 100 na zaidi. Humo vijidudu visivyoonekana kwa macho huchachusha nyasi, naye hucheua. Cha pili kina vishimo kama sega la nyuki, cha tatu kina kurasa kama kitabu, na cha nne ndicho kifananacho na tumbo letu. Vioshwe kwa maji mengi, basi.

Mapafu mazima ni ya rangi ya waridi, mepesi kama sifongo, na kipande chake huelea majini. Kikizama, pafu lile lilikuwa gonjwa. Figo la mbuzi ni laini kama haragwe. La ng'ombe lina vinundu kama kichala cha zabibu, na huo si ugonjwa, ndivyo lilivyoumbwa. Nyongo itolewe taratibu isipasuke juu ya ini. (Ndugu zetu wa Tana River na Garissa wanaochinja ngamia wasiitafute: ngamia hana kifuko cha nyongo.)

Ini zima huwa na rangi ya hudhurungi iliyokoza, uso unaong'aa na kingo nyembamba. Ukilikata ukaona minyoo bapa kama vijani ndani ya mishipa ya nyongo, mnyama huyo alilishwa penye majimaji, wanakokaa konokono waenezao minyoo hiyo. Ama vile vifuko vya maji alivyoviona mama wa Kegonga, hivyo ni viluwiluwi vya tegu wa mbwa. Havimdhuru mtu kwa kuliwa ini lililopikwa. Dhara huanza mama anapolikata pande bovu na kumrushia mbwa. Tegu hukomaa utumboni mwa mbwa, mayai hutoka na kinyesi, mtoto hucheza mchangani kisha hutia kidole kinywani. Miaka ikipita, vifuko vile vile huota katika ini au pafu la mtoto, na mara nyingi dawa yake huwa ni kupasuliwa. Turkana walisumbuliwa mno na maradhi haya, hata shirika la AMREF likafanya kazi huko tangu miaka ya 1980. Wako wanaomlaumu mbwa. Mimi namlaumu aliyemrushia.

Limebaki wengu, ulimi mwembamba wa nyama ulioshikamana na tumbo kubwa. Ukiukuta umefura, mweusi, na damu ya mnyama haigandi, acha kila kitu: huenda ni kimeta. Na mnyama aliyekufa ghafla, damu ikimtoka puani, asipasuliwe kabisa wala asichunwe. Aitwe daktari wa mifugo. Mzoga tumeharamishiwa, na mbegu za kimeta hudumu ardhini miaka mingi.

Ini lenye vifuko na pafu bovu vichomwe moto, au vizikwe katika shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua. Shimo hilo lichimbwe asubuhi, kabla mnyama hajalazwa kibla.