Mji ambao kila mtu anakujua



Wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu na kijana niliyemfungisha ndoa miaka kadhaa nyuma. Yeye na mkewe wanaishi Mbagala, Dar es Salaam, na sasa mkewe amepata kazi Njombe. “Baba Paroko,” akasema, “wewe umekaa kote. Tuambie ukweli, kuishi huko kuna faida gani na hasara gani, tusije tukajuta.”

Nilianza na yaliyo mepesi. Nikamwambia waje na makoti na mablanketi mazito, maana mwezi wa sita na wa saba huku kuna asubuhi ambazo umande umeganda juu ya majani. Foleni za magari wazisahau. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam; mkoa wetu mzima, pamoja na Ludewa, Makete na Wanging’ombe, ulikuwa na watu 889,946. Viazi mviringo na parachichi utakula mpaka uchoke. Mtoto anakwenda shule kwa miguu, na akichelewa kurudi, kuna mama atakayemuuliza anaelekea wapi.

Hasara nazo nilimtajia. Ukiugua ugonjwa mkubwa, utapewa rufaa kwenda Mbeya au Muhimbili. Vijana waliosoma hawakai, kwa kuwa kazi za ofisini ni chache. Na mji wote unaishi kwa shamba na mbao: bei ya viazi ikianguka, fundi cherehani anakosa wateja na duka la simu linafungwa mapema. Mimi huwa najua mapema kuliko bwana shamba, kwa kutazama kapu la sadaka.

Kama anapenda pilikapilika, nikamwambia, apange nyumba Makambako, kilomita kama 60 kutoka Njombe. Pale barabara ya kwenda Songea inaachana na barabara kuu ya Dar es Salaam, Mbeya hadi Zambia, na stesheni ya TAZARA ipo. Malori hayalali. Nilipokuwa mseminari Peramiho tulishuka pale usiku wa manane kubadilisha gari, tukatetemeka kwa baridi huku tukila mahindi ya kuchoma. Ni mji wa wapita njia, na mgeni hashangazi mtu.

Akashukuru, akakata simu. Nilibaki na lile ambalo sikumwambia, na ndilo kubwa kuliko yote niliyoyataja: katika mji wa kiasi chetu, unajulikana.

Nimezika watu Dar es Salaam na nimezika watu huku. Kule niliwahi kuongoza mazishi ya mzee ambaye wapangaji wa nyumba ya pili walijua amefariki walipoona turubai. Huku, mtu akifa alfajiri, kabla ya saa nne wanajumuiya wameshafika na majembe, kuni na unga, na hakuna aliyetumiwa barua. Kujulikana huko ni neema, nami sitaki kuidharau. Lakini ina upande wa pili.

Kuna mama mmoja ambaye nilikuwa nikimkuta stendi mara kwa mara, akipanda kosta ya kwenda Makambako. Dominika moja baada ya Misa, akiwa na wenzake uani, nikamtania: “Mama, kila nikipita stendi nakukuta unaenda Makambako. Umefungua duka huko?” Wenzake wakacheka. Yeye akasema ana dada mgonjwa. Siku ya tatu akaja ofisini kwangu, akafunga mlango. Hana dada Makambako. Anafuata dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, maana kliniki ya hapa karibu inaonekana barabarani, na kwenye benchi atakaa na watu anaosali nao. “Baba,” akaniambia, “ulinichoma mbele ya watu bila kujua.” (Ameniridhia nisimulie haya, nimebadilisha mambo madogo asitambulike.)

Nilikuwa nazijua takwimu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulionyesha kwamba mkoani Njombe, kati ya watu 100 wenye umri wa miaka 15 na zaidi, 12.7 wanaishi na virusi. Kwa nchi nzima ni 4.4. Misa yangu ya kwanza ina watu wazima kama 400. Piga hesabu: ni watu kama 50, wanaopokea Komunyo na kuimba kwaya, na mimi nahubiri kana kwamba gonjwa hili liko mkoa mwingine. Mama yule aliniambia jambo jingine. Njiani, kosta yao hupishana na ile inayotoka Makambako, na ndani yake wamo watu wa Makambako wanaofuata dawa Njombe. Wanakimbiana! Na mwezi ambao nauli imekosekana, dawa zinarukwa.

Hata kitubio kiko hivyo. Nawajua waumini wangu wanaokwenda kuungama parokia ya jirani, nami napokea wa jirani. Hilo silikatazi.

Bwana wetu mwenyewe alikulia katika mji mdogo. Siku aliposoma katika sinagogi la Nazareti, waliomkataa ni wale waliomjua baba yake. Tunasoma hayo katika Luka sura ya nne. Mathayo anasema alihamia Kafarnaumu, mji wenye wavuvi na watoza ushuru. Nikisoma hapo huwaza Makambako.

Mwezi wa tano mama yule aliteleza akavunjika kifundo cha mguu. Dawa zilikuwa zinakaribia kuisha. Ikambidi amwambie mmoja wa jumuiya yake, mtu wanayekaa pamoja sala ya kila wiki. Yule mwenzake alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwamba na yeye hupanda kosta hiyohiyo, ila siku nyingine. Wamesali Rozari pamoja miaka mingi. Siku hizi wanasafiri wawili. Bado wanakwenda Makambako.

Juzi nikampigia tena yule kijana wa Mbagala, nikamweleza hili nililolinyamazia. Alikaa kimya, kisha akauliza, “Sasa Baba, mgeni akifika Njombe, huchukua muda gani mpaka ajulikane?”

Nikamwambia wiki moja. Wanahamia mwezi wa kwanza.