Mikate Miwili ya Jangwani

Mikate miwili mikavu kwa siku, yote pamoja ikiwa na uzito wa ratili moja ya Kirumi, gramu 330 hivi. Ndicho kipimo alichokikuta mtawa Yohane Kasiano kwa wenzake wa jangwa la Misri mwishoni mwa karne ya 4. Mkate huo ulikuwa mgumu hata uloweshwe majini ndipo ulike, na kitoweo chake chumvi.

Watawa hao, waliofuata nyayo za Antoni Abati aliyefariki mwaka 356, walikesha wakisali na mchana walifanya kazi. Walilowesha majani ya mtende yakalainika, wakasuka kamba na vikapu huku midomo ikirudia zaburi. Waliviuza wapate riziki, na kilichozidi kikaenda kwa maskini.

Kwa Kigiriki, maisha hayo yaliitwa askesis, yaani mazoezi, kama ya mwanariadha. Tumbo lilizoezwa kutii ili moyo upate nafasi ya kupenda. Ndiyo maana mgeni alipobisha hodi, mwenyeji alivunja mfungo akala naye.

Lakini tangu karne ya 2 walikuwepo Waenkrati, walioikataa ndoa, nyama na divai. Baadhi yao waliadhimisha hata Ekaristi kwa maji matupu. Wao waliona uovu umo katika vitu vyenyewe. Irenei, askofu wa Lyon, aliwajibu kwamba anayeilaumu ndoa anamlaumu Muumba aliyewaumba mume na mke.

Katikati ya karne ya 4 maaskofu walikutana Gangra, katika nchi iitwayo Uturuki leo. Walikuwa wamesikia kuwa wafuasi wa Eustathi wa Sebaste wanafundisha kwamba wenye ndoa hawana tumaini la wokovu, tena wanafunga hata Jumapili. Maaskofu hawakuukataa mfungo wala useja. Waliviheshimu vyote viwili. Walichokilaani ni kiburi cha mwenye kufunga anayemdharau anayekula. Kanuni yao ya 15 inamlaani mzazi anayewatelekeza watoto wake kwa kisingizio cha utawa. Ya 16, mtoto anayewaacha wazazi wake kwa kisingizio hicho hicho.

Miaka zaidi ya 1,600 imepita, na kipimo hicho cha maaskofu hakijachakaa. Akija mtu kukuhubiria kujinyima, tazama kwanza kama watoto wa nyumba yake wamekula.