Mto wa Kiti: Acha Kuuliza Inchi

"Fundi, ninunue sponji ya inchi ngapi?"

Swali hili huja kila sikukuu inapokaribia. Huja kutoka kwa watu wanaojua kushona, wenye cherehani nyumbani, wanaotaka kumpelekea mama, bibi au mkwe mito ya viti iliyotoka mikononi mwao. Kitambaa wameshachagua, tena kizuri, na uzi umeshanunuliwa. Wanaona kilichobaki ni inchi tu. Nikiwaambia kuwa inchi si swali la kwanza wala la pili, huona nawazungusha, kisha huenda kununua sponji ya inchi nne. Wanaamini mto mnene ndio wenye heshima na ndio utakaodumu. Si kweli, na imani hiyo imeharibu zawadi nyingi nzuri.

Sponji ni viputo vya hewa vilivyotenganishwa na kuta nyembamba sana. Kinachombeba mtu ni zile kuta. Kwa hiyo la kujua ni kuta hizo ni nyingi kiasi gani, na hilo hupimwa kwa uzito: kilo ngapi katika mita moja ya ujazo. Chukua kipande cha sentimita 40 kwa 40, unene sentimita 5, yaani inchi mbili hivi. Kikiwa cha kilo 30 kwa mita ya ujazo, kwenye mizani kitakuwa na gramu 240. Sasa chukua cha inchi nne, sponji nyepesi ya kilo 16. Kitakuwa na gramu 256. Vipande viwili, kimoja kinene mara mbili ya kingine, na mali iliyomo inakaribia kulingana! Inchi mbili ulizoongeza umelipia hewa. Kuta za sponji nyepesi hupindika kila mtu anapokaa, huchoka, hukatika, na baada ya miezi michache katikati ya mto kuna shimo.

Dukani watu huijaribu sponji kwa kidole gumba. Kidole gumba hakina uzito wa mama yako. Sponji nyepesi hupendeza kidoleni kwa sababu hubonyea haraka, na akiikalia mtu mzima atagusa ubao papo hapo. Wala ugumu peke yake si dalili ya ubora, maana sponji nyepesi inaweza kutengenezwa ngumu. Maneno makubwa yaliyochapwa kwenye nailoni hayatoshi. Dai namba ya uzito. Kama muuzaji haijui, pima vipimo, pima uzito, piga hesabu. Kisha kandamiza kwa ngumi na uachie: sponji nzuri huinuka mara moja. Ukiona inainuka polepole au inaacha unga vidoleni, rudisha, kwa sababu kuna sponji zinazoongezwa unga wa chaki, nao huongeza uzito bila kuongeza nguvu.

Nikubali basi kwamba umepata sponji nzito na bado unaitaka nene. Kiti cha kawaida cha mezani kina kimo cha sentimita 45 hivi, na meza yake 75. Ukiweka inchi nne ngumu umemwinua mtu hadi mapaja yake yanakaribia kugusa ubao wa meza. Bibi mfupi miguu itaning'inia, ukingo wa mto utambana chini ya mapaja, na miguu itaingia ganzi kabla chai haijaisha. Ikiwa nene na laini ndiyo mbaya zaidi: nyonga huzama chini ya magoti, na mwenye magoti mabovu hawezi kusimama bila kushikwa mkono. Hilo ndilo linaloniudhi, kwa sababu zawadi hii mara nyingi ni ya wazee, na aliyeishona hakujiuliza hata mara moja miguu ya atakayeikalia inafika wapi. Mpime kutoka nyuma ya goti hadi sakafuni akiwa amevaa ndara zake, ulinganishe na kimo cha kiti. Kama kiti tayari kinamzidi, sentimita 3 zatosha.

Kuna na wale wanaoongezea matambara au fulana kuukuu juu ya sponji ili "inenepe". Matambara hujikusanya mabonge, hunyonya jasho na hayakauki. Acheni. Sufi ni nzuri kwa mto wa kuegemea mgongo. Kwenye makalio hujishindilia, na itabidi ianikwe na kuchambuliwa mara kwa mara.

Sasa kazi yenyewe. Tandika gazeti juu ya kiti, chora umbo lake halisi, maana viti vingi ni vyembamba nyuma, na weka alama miguu ya nyuma ilipo. Kitambaa kiwe kanvasi, dengrizi au kitenge cha pamba kizito. Khanga ni nyepesi mno kwa kukaliwa. Kifue na kukipiga pasi kabla ya kukata, la sivyo kitaruka baada ya kushonwa. Foronya ikishakamilika iwe ndogo kuliko sponji kwa sentimita 1 kwa urefu na 1 kwa upana, ndipo pembe zijae: sponji ya 40 kwa 40 kata kitambaa cha 42 kwa 42, ukiacha sentimita 1.5 za mshono pande zote, na utepe wa pembeni ukate kwa upana wa unene wa sponji pamoja na mishono yake miwili. Sindano namba 14, na 16 kwa dengrizi. Zipu ikae nyuma, iwe ndefu karibu upana wote, sponji ipite bila kukunjwa kwa nguvu. Kamba za kufungia zishone ndani ya mshono, mara mbili, kwenye zile alama za miguu. Usiweke nailoni ndani kwa kuogopa madoa. Hufanya joto na hupiga kelele. Badala yake shona foronya ya pili kwa kila kiti, uifungashe pamoja na ile ya kwanza, ili moja ikiwa kwenye kamba ya kuanikia, nyingine iwe kitini.